Wifi Yangu na Mteremko wa Karakana

Mimi huwa sishtuki ovyo. Nyoka akiingia jikoni, namfungulia mlango atoke. Lakini siku wifi yangu aliposema mbele ya watu, "Nifundishe baiskeli," kijiko kilinidondoka mkononi.

Mumwelewe kwanza. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anaogopa kupanda kigoda kutundika pazia. Akivuka barabara humshika mkono mwanawe wa darasa la tatu, na anayevusha ni mtoto. Ni fundi wa kushona mashuka na sare za hospitali, na cherehani yake ya kupiga kwa miguu ameikalia tangu hajaolewa. Pale kitini ni malkia. Mtoe hapo, basi tena.

"Wewe?" nikamuuliza. "Baiskeli hii hii ya magurudumu mawili?"

"Kwani kuna ya manne?"

"Wifi, utakufa, halafu kaka atanidai mke."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na hapo nikajua mambo yameharibika. Karakana yao ya ushonaji ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya reli, huko ambako basi linakuacha njia panda, kisha unatembea mpaka viatu vinaomba msamaha. Kengele ikilia, lango linafungwa. Alishafungiwa nje, na msimamizi akamwambia bila haya: ukifungiwa tena, cherehani yako nampa mwingine. Kaka yangu mgongo umemlaza tangu alipoanguka kazini, kwa hiyo nyumba nzima inakula kwa cherehani ile. Baiskeli ya kaka ilikuwa imeegemea ukuta, inakula vumbi tu.

Tukaanzia uwanja wa shule. Toba! Mwanamke alipanda, akakanyaga pedali zote mbili kwa pamoja kama anapiga cherehani, akabaki pale pale anatetemeka, kisha akalala ubavu polepole.

"Mguu mmoja mmoja, wifi! Hushoni hapo!"

"Miguu yangu haijazoea kugombana," akanijibu kutoka chini.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini ng'ombe hazeeki maini. Aliinuka, akaanguka, akaninunia, akarudi. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anauzunguka uwanja wote, mtandio unapepea, anapiga kelele kila kona kama anafukuzwa. Akitaka kusimama anaiacha tu baiskeli ichoke, halafu anashusha miguu. Breki nilimwonyesha, akaitikia, "Nimeelewa." Uwanja ulikuwa tambarare, nami sikumuuliza tena.

Jumatatu tukatoka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma kwa baiskeli yangu, mdomo wangu haufungi. Reli akaivuka akiisukuma baiskeli, vizuri. Akapishana na malori, vizuri. Nikaanza kujisifu moyoni. Kumbe mbele ya karakana kuna mteremko, na lango liko chini kabisa.

Baiskeli ikaanza kukimbia.

"Breki!" nikapiga kelele. "Shika breki, wifi!"

Jamani, mnajua alishika nini? Aliachia usukani kwa mkono wa kulia, akainama mbele, akaweka kiganja juu ya gurudumu. Juu ya gurudumu! Fundi akitaka kusimamisha cherehani hulikamata lile gurudumu la pembeni kwa kiganja, na mkono wake haukujua njia nyingine ya kusimamisha kitu. Mazoea yana taabu.

Sijui nilishukaje kwenye baiskeli yangu. Nilimkuta kifudifudi barabarani, kiganja kimechunika, vidole viwili vimepinda vibaya, sitaki hata kuvieleza. Mkono wa kulia wa fundi! Roho iliniruka, nikaangua kilio kama mtoto. Yeye hakulia. Alikuwa analitazama lango.

"Wifi, kengele," akasema. Akajiviringishia mtandio mkononi, akachechemea mpaka ndani, akaniacha mimi na baiskeli mbili.

Hazikupita dakika nyingi, msimamizi akamleta langoni amemshika kiwiko.

"Damu imeingia kwenye mashuka meupe," akaniambia. "Mpeleke akatibiwe. Cherehani haiwezi kukaa bure, nimempa mwingine."

"Umempa mwingine? Damu haijakauka! Kwani hakuwahi? Hukumwona?"

"Nimemwona, dada. Amewahi. Lakini atashona na nini?"

Hasira zilinipanda nikakosa pa kuziweka. Nilitaka kumtukana, nikaishia kuzikokota baiskeli zote mbili. Na wifi yangu, njia nzima kwenda zahanati, alikuwa anarudia neno moja tu kama mtu wa homa: "Niliwahi. Niliwahi, wifi."

Asubuhi iliyofuata nikapita kumjulia hali. Kaka yuko kitandani, watoto wanavaa sare, ukutani hamna baiskeli.

"Ameenda kazini," kaka akasema, akinitazama kama mimi ndiye niliyemroga.

"Na mkono ule?"

"Nimeongea mpaka nimechoka. Mfuate wewe."

Nusura nizimie. Nilikanyaga pedali huku nasema na Mungu kwa sauti, najua kabisa naenda kuokota maiti chini ya ule mteremko. Nikamkuta amesimama langoni, mzima, bendeji mpaka kiwiko.

"Umeshukaje hapa?"

"Kwa miguu, naisukuma. Kwani mimi kichaa?"

Nilitaka kumkumbatia, nilitaka kumzaba kofi. Kabla sijachagua, msimamizi akatoka, akamwona, akasimama.

"Mama, umekuja kufanya nini? Mkono huo haushoni."

"Haushoni. Huu wa kushoto unakata nyuzi, unakunja mashuka, unafagia. Nipe chochote."

"Nenda nyumbani upone kwanza. Ukishapona, njoo uulizie."

Wifi yangu aliukaza mkono wa kushoto kwenye usukani wa baiskeli. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo tangu aolewe kwetu.

"Sirudi nyumbani. Cherehani yangu nitaisubiria humu ndani. Nikikaa nje, mtanisahau."

Kengele ikaanza kulia. Msimamizi aliitazama ile bendeji, kisha akasogea pembeni. Wifi yangu akanisukumia baiskeli niishike, akapita, na lango likafungwa yeye akiwa ndani.