Siku Niliulizwa Nani Alinivunja Mkono

Nilikuwa na miaka minane siku baba yangu alimpiga mzee wa korti ngumi, jino likaruka likaanguka juu ya karatasi za kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa yangu.

Naitwa Namalwa. Siku hizi ni nyanya, mjukuu ndiye ananichapia hii stori kwa simu. Ilikuwa 1957.

Baba, Joash, alikuwa anapasua mbao kwa mashine kule Elburgon. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Akikasirika, mama alikuwa anaamka uso umefura.

Siku moja mama, Nanyama, alichoka. Tukatorokea Lanet kwa dada yake.

Wiki mbili hazikuisha. Mchana kweupe, baba akatokea na shoka. Mlango aliupasua kama kuni. Akamtwanga mama begani na mpini mpaka mfupa ukaonekana. Majirani wakamrukia, wakampiga mawe hadi akakimbia akitapika damu.

Wacha tu.

Ndio tukafika korti ya Waafrika, Nakuru mjini, baba akidai nirudishwe kwake. Wazee watatu nyuma ya meza.

"Ng'ombe nilipeleka zote," baba akasema. "Mtoto ni wangu."

Mzee mkubwa, Kiptanui, akaitikia. Desturi ilikuwa hivyo: mahari ikishatolewa, mtoto ni wa baba.

Mama akafungua leso, akaonyesha bega. Kisha akanisukuma mbele, mkono wangu umefungwa kwa vijiti.

Kiptanui akainama. "Mtoto, usiogope. Nani alikuvunja mkono?"

Nikaangalia baba upande ule mwingine wa chumba. Nikasikia pumzi ya mama nyuma ya sikio langu.

"Ni baba."

"Namalwa! Sema ukweli!" baba akapiga kelele.

Akaruka meza. Kiptanui akasimama kumzuia, akala ngumi. Askari wawili wakamwangusha baba kwa rungu. Nilisikia kichwa chake kikigonga simiti, mara mbili. Alikuwa bado anaita jina langu, halafu akanyamaza.

Korti ikasema nibaki na mama. Baba akafungwa miezi kumi na minane.

Sasa sikizeni.

Mkono ulivunjwa na mama. Kwa mchi wa kutwanga, kwa sababu nililia nataka kurudi Elburgon. Jirani alimpelekea baba habari, na hiyo ndiyo siku alibeba shoka.

Niliishi na mama miaka tisa. Mgongo wangu sijawahi kuonyesha mtu.

Nikiwa na miaka kumi na saba nilimtafuta baba. Jicho lake moja lilikuwa limekufa tangu siku ile ya korti.

"Baba, nilidanganya."

Akanishika ule mkono. "Mwanangu, hata mimi labda ningekupiga. Sikujua njia ingine."

Tukalia kama watoto.

Nyinyi mnaovutana watoto kortini, nawaomba kitu kimoja. Mtoto aulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa, na asirudishwe kulala kwa mtu ambaye amemtaja.

Mimi niliulizwa mbele ya watu wawili niliowaogopa. Nikamtaja yule alikuwa mbali.