Ng'ombe wa Baba kwenye Ubao wa Mpera

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini pita kwenye zile nyumba za wageni za Shelui zilizoota kando ya barabara miaka ile ya ruksa ya biashara, uulize nani alichapa picha za vilima na mawe zilizotundikwa ukutani. Watakuambia: fundi seremala wa Utemini, Singida mjini. Mkoa mzima sikuwahi kumsikia wa pili, na angekuwepo ningemsikia.

Kazi ile niliiona kwa Mjapani mmoja mchimba visima, aliyeniagiza kitanda. Jioni alikaa barazani anachonga ubao, anaupaka rangi, analaza karatasi yenye unyevu, anasugua, anaibandua: mlima! Nilisimama pale mpaka nikasahau kitanda chake. Hakunifundisha sana, mimi huiba kwa macho. Patasi zangu nilizifua kwa njiti za mwavuli. Cha kusugulia nilikizungushia maganda ya mahindi. Rangi nyeusi ni masizi na uji mwembamba wa mihogo. Anga ni bluu ya kufulia. Alipoona vifaa vyangu alicheka, kisha akanipa mkono.

Shida yangu ilikuwa kutulia. Kazi hii inataka mtu wa kungoja, na upepo wa Singida wakati wa kiangazi unakausha karatasi kabla hujageuka. Halafu biashara ndiyo zimefunguliwa, kila mtu anakimbia. Mimi nina vitanda, nina duka la misumari, nina meza ya mitumba sokoni, na bado mkono unawasha kuchonga. Mke wangu alisema, "Baba watoto, wewe hata chai unainywa umesimama."

Nyumba moja tu haikuwa na picha yangu, na ndiyo niliyoitaka kuliko zote: tembe ya baba, ile nyumba ya paa la udongo, kule Kinyangiri. Kijijini alikuwa akiwaambia watu mwanawe yuko mjini anachezea mbao. Nikamchongea kilima chake mwenyewe, jua likizama, tembe na zizi upande wa kulia. Ubao hutoa picha iliyogeuka, kama uso kwenye kioo, kwa hiyo nilichonga kinyume na ikatoka sawasawa. Nikampelekea.

Akaishika karatasi mbali na macho.

"Kilima ndicho. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wajapani huacha nafasi wazi, baba. Ardhi ipumue."

"Ardhi isiyo na ng'ombe saa hizi ni ya ukame au ya msiba. Situndiki msiba nyumbani kwangu."

Akaikunja, akanirudishia mbele ya majirani. Mmoja akadakia, "Labda ng'ombe nao wako mjini, wanauza mitumba!" Wakacheka. Mimi nilicheka meno tu.

Sasa, mti ukishauchonga ukatoka, haurudi. Mwingine angetupa ubao. Mimi nilitoboa ubao ule wa mpera, nikapachika viraka vya mpera uleule, maungio hata wembe haupiti, nikachonga ng'ombe juu yake: nundu, pembe, mmoja kageuza shingo. Mjapani alikuwa amesharudi kwao. Angeona angevua kofia. Nikachapa, na kabla haijakauka vizuri nikawahi nayo basi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Sikungoja kuulizwa. Nilichukua nyundo nikaipigilia mwenyewe, kushoto kwa mlango wa ndani, ule wa kwenda chumba cha ndama. Nikasimama pembeni, mikono kiunoni.

Baba akasogea, akaangalia muda mrefu.

"Wazuri," akasema. "Huyu anayegeuka ni yule mweusi wetu. Lakini jua linazama. Wanakwenda wapi?"

Nikatazama. Zizi liko kulia, na ng'ombe wote wanaelekea kushoto. Kilima nilikigeuza, nyumba niliigeuza. Ng'ombe, kwa haraka yangu, niliwachonga kama macho yanavyowaona. Wanaliacha zizi giza linaingia.

"Kama yeye mwenyewe," mama akasema kutoka jikoni. "Jua likizama ndiyo anatafuta basi."

"Nitang'oa viraka, baba. Wiki hii hii nachonga upya, nakuletea..." Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye karatasi.

"Acha."

Akaninyang'anya nyundo, akang'oa misumari taratibu asiichane karatasi, akaihamishia upande wa pili wa mlango, kulia. Akaigonga. Sasa wote walikuwa wanaelekea mlangoni, kwa ndama wao, na yule mweusi nyuma.

"Wanaingia," akasema, akasogeza kigoda kwa mguu. "Na wewe kaa."

Basi la mwisho lilipiga honi barabarani. Magoti yalitaka kuinuka. Niliyashika kwa mikono. Mama akaleta chai, nikaimaliza nimekaa. Mke wangu mpaka leo haamini.