Nilivyobadili jina la faili, gunia likasoma kilo 312 mbele ya baba mkwe

Wakuu, salaam kutoka Mpemba, Tunduma. Hii sijaitia chumvi, maana walioshuhudia ni wengi na bado wananicheka.

Mimi naandika programu za kompyuta. Nilitaka kumuoa Neema, na baba yake, Mzee Sichone, ananunua mahindi kwenye godauni lake pale Chapwa. Akaniambia, "Kabla hujatuma mshenga, kwanza niione hiyo kazi yako."

Wakulima walikuwa wanalalamikia mzani wake. Nikajitolea kuandika programu ya kusoma mzani na kuonyesha kilo kwenye tivii, kila mtu ajionee.

Niliandika kwa lugha ya Python, ila kipande kinachoongea na mzani nikakiandika kwa lugha ya C. Kwa wasiojua: kipande cha C lazima kwanza uki-compile, yaani ukigeuze kuwa lugha ya mashine, na ukishafanya hivyo kinakubaliana na toleo lile tu la Python ulilolitumia. Langu lilikuwa 3.10. La godauni pia 3.10. Nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi nafika na flash yangu, namkuta mjomba wa Neema kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. "Mulishani mukwai!" akanisalimu kwa Kibemba. " Kompyuta nimeshaku-upgrade-ia yote."

Yote kweli. Python sasa ilikuwa 3.12.

Sikujali. Nikawatangazia wakulima kwa mbwembwe, "Kitakachoandikwa kwenye tivii ndicho hicho hicho!" Mama mmoja wa Galula akapandisha gunia lake mzanini. Nikaanza ku-install.

Tivii ikajaa maandishi kwamba faili langu la cp310, yaani la Python 3.10, halikubaliki.

"Mia tatu na kumi!" mama akapaza sauti. "Andika, baba."

"Mama, hiyo siyo kilo."

"Si umesema mwenyewe, kinachoandikwa ndicho hicho?"

Hapo jasho lilinitoka. Mashine haina compiler ya kukigeuza upya kile kipande, bando limekata, mkwe ananitazama. Nikafanya ujinga ambao hata leo unaniuma: nikabadili jina la faili, 310 nikaweka 312. Na ndani yake pia nikabadili kila palipoandikwa 310.

Wakuu, ikakubali! Tivii ikaandika jina jipya.

"Mnaona? Zimeongezeka mbili," mama akawaambia wenzake.

Nikaiwasha programu. Ikagoma papo hapo.

Mzee Sichone akauliza nimefanya nini. Nikasema ukweli. Akasema, "Hapa mpakani, kijana, lori likibadilishwa pleti, injini ni ile ile. Nenda nyumbani."

Neema, aliyekuwa pembeni akishuhudia yote, hakuniangalia. Niliumia sana.

Kwa siku mbili nilikiandika upya kile kipande cha C, nikitumia zile functions tu, yaani amri zilizo tayari, ambazo Python imeahidi kutoziondoa matoleo yanapobadilika. Wanaita limited API. Njia za mkato zote nikafuta. Faili moja, ku-compile mara moja, linaingia 3.10 na kuendelea. Safari hii nilijaribu kila toleo kabla ya kutoka nyumbani.

Jumanne nikarudi. Yule mama naye alikuwepo, aligoma kuuza mpaka mzani "upone". Gunia likapanda. Tivii: 94.

"Ile ya Jumamosi ilikuwa nzuri zaidi," akanung'unika.

Mzee hakutabasamu. Akamgeukia mjomba. "Shemeji, hebu i-upgrade tena."

Mjomba akaweka 3.13. Nikaingiza faili lile lile.

94.

Mzee akaitazama tivii, akanitazama na mimi. "Mshenga aje Jumapili baada ya ibada."

Funzo langu: ukipeleka kitu chenye C kwa mtu, usidhani kompyuta yake itabaki ulivyoiacha. Jenga kwa limited API ukiweza. Isipowezekana, compile kwa kila toleo, na usiguse jina la faili kudanganya mashine.

Sasa ni mwaka wa pili wa ndoa. Chapwa nzima wananiita Mia Tatu na Kumi, na juzi nimemsikia mke wangu mwenyewe akiniita hivyo.

Nani mwingine humu amewahi kubadili jina la faili akajiona fundi? Jitokezeni, nisibaki peke yangu.