Mipira Isiyokaushwa

Dada yangu ni mpimaji, na kwa ubishi hana mfano. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anapima mipira ya grafiti, myeusi, mikubwa kama machungwa, yenye chembe za urani ndani. Ndiyo mafuta ya kinu cha nyuklia, na kinuni hapo anafanya kazi binti yake, kitinda mimba. Maabarani wanamwita Mama Mizani. Jina analipenda, ila hujifanya kununa.

Grafiti hunywa unyevu wa hewani. Kwa hiyo mipira michache ya majaribio, inayotolewa katika kila shehena, hukaushwa kwanza kwenye oveni, ndipo ipimwe. Usipoikausha, maji huongeza uzito, na mpira uliojaa vitundu ukaonekana umeshiba. Ukiingia kinuni, mpira huo haupitishi joto vizuri, na unaweza kupasuka.

Asubuhi moja lori la kupeleka mipira kinuni lilikuwa limeshapakiwa. Dada aliinama kuokota kalamu, kiwiko kikagusa mlango wa oveni. Baridi! Taa nyekundu ya oveni ilikuwa inawaka kama kawaida, lakini kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na nne. Kwenye daftari, jana yake, alikuwa ameandika mia na tano. Aliona taa, akaandika. Na kwa glavu nene anazovaa kazini, angejuaje?

Aliwaza kunyamaza; hilo nalisema mimi, maana yeye hatalisema. Kisha akamfikiria binti yake, hofu ikamtoa mbio hadi mbele ya lori. Mtu ambaye hata ngazi tatu za kwangu huzilalamikia!

"Shusheni mzigo!"

"Mama, si wewe uliyesaini?" dereva akauliza.

"Ni mimi. Shusha, mwanangu, nakuomba."

Mkuu wa maabara akatafuta oveni nyingine. Alasiri, mipira ilipokauka, wakaipima upya pamoja. Yote ilikuwa chini ya kiwango. Dada alishusha pumzi, maana lori lilikuwa bado uani.

Mkuu hakumfokea. Alichukua daftari, akawa anafunua kurasa kurudi nyuma, taratibu. Mia na tano. Mia na tano. Mia na tano.

"Mama Mizani, mara ya mwisho ulikitazama lini kipimajoto?"

Mipira ya mwezi mzima ilikuwa imeshaingia kinuni, na binti yake alikuwa zamuni.

"Sijui," Dada akasema. "Nipeni simu."