Wagonjwa Wanne, Presha Moja

BUNDA. Saa moja na robo asubuhi, sakafu ya wodi ya wazazi bado haijakauka deki. Muuguzi Hilda Makongoro amesimama nyuma ya mwanafunzi Evance, anayempima presha mjamzito kwa kusikiliza mapigo ya mkononi, huku jasho likimtoka puani.

"Sista, sijasikia kitu," Evance anasema.

"Vizuri. Rudia," Hilda anamjibu. "Ukinidanganya ndiyo tutakosana."

Wenzake wanne wanacheka chinichini. Mjamzito naye anacheka, kisha anamnyooshea Evance mkono wa pili.

Miaka miwili iliyopita kicheko hicho kisingesikika hapa. Hilda, ambaye ana miaka 19 kazini katika hospitali moja ya mjini Bunda, wanafunzi walimwita Honi, maana sauti yake ilifika wodini kabla yake. Jina alilijua na, anakiri, lilimfurahisha.

"Nilifikiriaga ukali ndiyo kufundisha," anasema. "Sisi tulifundishwaga hivyo hivyo."

Machi mwaka jana aliletewa kwa mkupuo wanafunzi kumi na mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kutoka chuo kimoja cha Musoma. Vipimo vya presha vilikuwa viwili. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Jeska Burito, binti wa wakulima wa mihogo wa Suguti, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza.

Siku ya tatu Jeska alitumwa kupima wajawazito wanne. Alirudi upesi mno. Wote wanne alikuwa amewaandikia 120/80.

Hilda alishtuka, akarudia kupima. Mama wa kitanda cha tatu, aliyelalamika kichwa tangu alfajiri, alikuwa na 170/110. Aliwahiwa kwa dawa, na yeye na mwanawe ni wazima mpaka leo.

Hapo Hilda angeweza kumwita Jeska pembeni. Hakumwita. Alimsimamisha katikati ya wodi, wenzake, wagonjwa na ndugu walioleta uji wakitazama, akamwambia, "Wewe ni muuaji."

Jeska hakubisha. "Niliogopa kukwambia sisikii, Sista," ndilo jibu pekee alilotoa.

Kesho yake hakuonekana. Koti lake jeupe lilibaki linaning'inia kwenye msumari wa chumba cha kubadilishia nguo. Sasa yuko Suguti, analima na wazazi wake. Chuo kimekubali kumtunzia nafasi mpaka Oktoba, baada ya hapo aanze upya au aache kabisa.

Kinachomtafuna Hilda ni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Anaposimulia, ile sauti ya Honi haipo.

"Hata mimi niliandikaga namba za uongo. Mwaka wa kwanza. Nilimwogopa msimamizi kuliko nilivyomwogopea mgonjwa. Mgonjwa wangu akapona, basi, ikaisha. Mungu alinisitiri. Mimi mtoto wa watu nikamwanika."

Siku hizi kila kundi jipya linaanza na somo moja: mwanafunzi hashiki kipimo mpaka atamke kwa sauti, mgonjwa akisikia, "Nisiposikia nitasema." Vipimo bado ni viwili, na kimoja kinavuja upepo. Lakini tangu Juni, Hilda anasema, hajaona tena kurasa zenye namba zinazofanana kama sare za shule.

Amempigia Jeska simu mara tatu. Mara ya tatu ilipokelewa. "Sista, mimi kile kipimo sitaki hata kukiona," binti alisema, kisha akakata.

Jumamosi hii Hilda hana zamu. Atapanda gari la asubuhi hadi Musoma, aunganishe hadi Suguti. Lile koti amelifua na kulipiga pasi, na kalamu ya Jeska ameirudisha mfukoni ilipokuwa.

"Nilimwaibisha mbele za watu. Na mimi ya kwangu nitayasema mbele ya wazazi wake, na jirani akiwepo asikie."

Na akikataa kurudi?

Hilda anamtazama Evance akikaza kitambaa cha kipimo upya, taratibu, kwenye mkono wa yule mama.

"Koti nitamwachia," anasema. "Ni lake."