Kikombe Asichokinywa Asmar

Shabtai Barashi alikuwa mchonga mawe. Nusu ya nyumba za mtaa wao wa Yerusalemu zilikuwa na mawe yaliyopita mikononi mwake, lakini watu wa mtaa huohuo, wakiulizwa sauti yake ikoje, walilazimika kufikiri kwanza. Hakuwa bubu. Alikuwa mtu wa haya. Neno likimjia aliligeuzageuza mdomoni kama mtu anayetafuta upande wa kulipiga jiwe, na alipokuwa tayari kulisema, wenzake walikuwa wamekwisha kuhamia habari nyingine.

Machimboni haya yake haikumdhuru. Jiwe halidai maneno. Alikuja mjini akiwa kijana, kutoka milima ya Kurdistani, akitembea nyuma ya nyumbu wa kaka yake Ovadia, na ni kama hakuacha kutembea nyuma ya Ovadia tangu siku hiyo. Kaka alimtafutia kazi. Kaka alimtafutia chumba uani, karibu na kisima. Kaka alimtafutia na mke. Ovadia alikuwa msomaji katika sinagogi yao, mtu wa sauti nene na majibu ya haraka, na Shabtai alimheshimu kama baba.

Mke mwenyewe alikuwa Asmar, binti wa mtia rangi nguo. Alikuwa mfupi, mchapakazi, na ulimi wake haukuwa na haya hata chembe.

"Mimi nimeolewa na ukuta," aliwaambia majirani kisimani. "Lakini ukuta mzuri, hauvuji."

Shabtai akisikia hayo alitabasamu mpaka masikio yakaiva. Alimpenda mkewe sana, ila hakuwahi kumwambia.

Divai ya nyumba ile aliitengeneza Asmar. Aliloweka zabibu kavu mtungini, akaziponda, akazichuja kwa kitambaa, ikatoka divai nyeusi, tamu. Kila Sabato, mlo wa mchana ukiisha, alikiosha kikombe cha fedha ndani na nje, akapitisha kidole ukingoni kuhakikisha hakina ufa, akakijaza pomoni. Wanaume wakiwa watatu mezani, mmoja wao alikipokea kwa mikono miwili, akakibakiza katika mkono wa kulia peke yake, akakiinua juu ya meza kiasi cha ngumi, macho yake kwenye divai, akaongoza baraka za baada ya chakula. Akimaliza alikunywa kidogo, na kilichobaki kilipelekwa kwa mama wa nyumba ili naye apate fungu lake la baraka.

Shabtai na Asmar hawakuwa na mtoto. Kwa hiyo Asmar hakukinywa kikombe hicho kama mtu anavyokunywa kinywaji. Alifumba macho, akakimaliza, kisha akakiinamisha kuona kama kuna tone limejificha chini. Alifanya hivyo miaka kumi na mbili.

Katika mwaka wa kumi na mbili, Sabato moja ya kiangazi, Ovadia alikuja kula pamoja na mgeni wake kutoka Tiberia. Heshima ya kikombe alipewa Ovadia. Alibariki vizuri, kwa sauti iliyofika barabarani, kisha akanywa. Akaendelea kunywa. Shabtai alikuwa amenyoosha mkono tayari, ampelekee mkewe aliyesimama mlangoni akifuta mikono kwa aproni.

"Kimekwisha," Ovadia akasema.

"Na cha Asmar, kaka?"

"Miaka yote hii mnamwagilia mwamba, Shabtai! Wewe mchonga mawe mzima hujui kwamba mwamba hauoti?"

Mgeni akacheka. Ovadia akacheka. Na Shabtai, ambaye neno lilikuwa bado linageukageuka mdomoni mwake, naye akacheka. Hakuwa amefurahi. Wenzake walikuwa wanacheka na yeye hakujua aufanye nini uso wake. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, lakini chumba kilikuwa kidogo na Asmar alikisikia. Alikuja mezani, akakichukua kikombe, akakiosha, akakirudisha kabatini. Mke wake kukaa kimya lilikuwa jambo ambalo Shabtai hakuwahi kuliona, na lilimtisha.

Sabato iliyofuata alibariki yeye mwenyewe, akampelekea kikombe jikoni.

"Weka hapo," Asmar akasema, akionyesha dirishani kwa kidevu.

Akakiweka. Jioni alikikuta palepale, nzi wawili ndani.

Ndivyo ilivyoendelea. Kikombe cha kufungulia mlo Asmar alikionja kwa kulowesha midomo, maana hicho ni cha kuitakasa Sabato na hakina ugomvi na mtu. Cha baada ya mlo hakukigusa tena. Aliziloweka zabibu, aliichuja divai, alikiosha kikombe, alikijaza, na alikataa kukinywa. Mambo mengine yote yalirudi kama zamani. Alipika, alitania, alimkanda mumewe mgongo kwa mafuta ya zeituni alipotoka machimboni. Hata walipokuwa wawili tu mezani, Shabtai alibariki akiwa na kikombe mkononi, apate tu cha kumpelekea. "Weka hapo." Kila mara alidhani kikombe kitamsemea. Miaka ikafika ishirini na mitatu.

Mwaka 1961, baada ya Pasaka, Asmar alianza kuvimba tumbo. Daktari alisema ni ini, akasema na maneno mengine ambayo Shabtai hakuyaelewa, kisha akamrudisha mgonjwa nyumbani. Aliyemuuguza ni Hazale, msichana aliyeolewa uani mwao miaka mitatu nyuma na Nehemia, mwoka mikate.

"Nitazame, Hazale," Asmar alimwambia siku moja, mkono juu ya tumbo lililotuna. "Mjini watasema hatimaye nimepata."

"Shangazi, usiseme hivyo."

"Nisipocheka mimi, nani acheke? Umezichuja zile zabibu?"

"Nimezichuja. Ila nimeonja kidogo. Divai hii, shangazi, ukimpa punda ataanza kusoma maandiko."

"Basi mpelekeeni shemeji yangu Ovadia, asome vizuri zaidi."

Hazale alicheka. Shabtai, aliyekuwa ameketi kizingitini, aliinamisha kichwa.

Wiki ile alikuwa ameamua. Angemwita Ovadia, angemwita na Nehemia, wawe wanaume watatu. Kikombe kingekuwa kilekile, na kaka yake angekaa pale pale alipokaa siku ile. Lakini safari hii angekishika yeye, na mbele ya Ovadia angekipeleka kwa mkewe na kusema, "Asmar, nisamehe, nilicheka." Maneno matatu. Aliyafanyia mazoezi machimboni, akiyasema kila anaponyanyua nyundo. Jiwe lilimsikia wiki nzima. Alichotaka ni kimoja tu, mkewe anywe kabla hajafa.

Sabato ikafika. Godoro la Asmar lilikuwa kando ya meza. Walikula kube, madonge ya ngano yaliyojazwa nyama, katika mchuzi wa ndimu, na Ovadia, ambaye sasa alitembelea fimbo, alisifu chakula na kulaumu chumvi. Mlo ulipokwisha Hazale alikiosha kikombe ndani na nje, Asmar akimfuata kwa macho.

"Ukingo," Asmar akasema.

"Nimeutazama, shangazi. Mzima."

"Jaza. Usikifanyie ubahili, si chako."

Ovadia alinyoosha mikono miwili, kama ilivyo desturi, kwani yeye ndiye mkubwa na ndiye mgeni.

"Leo nashika mimi, kaka," Shabtai akasema.

Ovadia akainua nyusi. "Wewe? Haya, nyumba ni yako. Usije ukatusinzia katikati."

Shabtai alikipokea, akakiacha katika mkono wa kulia, akakiinua. Divai ilikuwa pomoni. Tone moja likamtiririkia kidoleni. "Mabwana, tubariki," akasema, na wale wawili wakaitikia. Alibariki pole pole, neno baada ya neno, bila kuruka hata moja. Akanywa funda moja. Kisha akazunguka meza, akapiga magoti kando ya godoro.

"Asmar."

Asmar alimtazama. Macho yake yalikuwa ya manjano, lakini yalikuwa yakingoja.

Maneno matatu yalikuwepo. Aliyahisi yamepangana nyuma ya meno. Ovadia alikuwa amegeuka kwenye kiti kutazama, Nehemia alikuwa ameshika ndevu zake, na chumba chote kilikuwa kikimngoja yeye.

"Kunywa," akasema Shabtai.

"Ni hilo tu?"

"Ni... ni divai nzuri. Hazale ameitengeneza vizuri."

Asmar akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Kunywa, shemeji," Ovadia akadakia. "Mgonjwa hakatai baraka. Hata..."

"Nyamaza, kaka!"

Lilitoka kwa nguvu mpaka Hazale akaangusha kijiko. Ovadia alikaza mkono kwenye fimbo. Katika maisha yao yote hakuwahi kuambiwa neno hilo na mdogo wake, na ni dhahiri Shabtai mwenyewe hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Kumbe sauti unayo," Asmar akasema taratibu.

Akanyoosha mikono miwili. Shabtai akampa kikombe, akakitegemeza kwa chini maana kilikuwa kizito kwa mikono ile iliyokonda. Asmar alikitazama ndani, ila hakukiinua.

"Nehemia, mwanangu," akaita. "Kichukue. Mpe mkeo."

"Mimi, shangazi?" Hazale akasema.

"Wewe. Kinywe chote. Mtu akikusema, wewe kunywa tu."

Nehemia akamtazama Shabtai, asijue la kufanya. Shabtai hakuitikia kwa kichwa wala hakukataa. Nehemia akakichukua, akampa mkewe. Hazale alikunywa huku machozi yakimtoka, akakiinamisha kikombe, halikutoka hata tone.

"Sikuwa na hasira kwa sababu ya divai," Asmar akamwambia mumewe.

"Najua."

"Unajua. Miaka ishirini na mitatu umekaa na kujua kwako kabatini." Akavuta pumzi kwa shida. "Nigeuze. Mgongo unaniuma."

Akamgeuza. Asmar akaelekea ukutani, akalala.

Hakuzungumza sana baada ya hapo. Jumapili aliomba maji. Jumatatu alfajiri, Shabtai aliinama sikioni pake akasema yote, "Asmar, nisamehe, nilicheka," akayarudia mara tatu, sauti yake ikiwa safi kabisa. Lakini Asmar alikuwa amekwisha kupita mahali pa kusikia. Jumanne alikata roho, na siku hiyohiyo, kama ilivyo desturi ya Yerusalemu, wakamzika.

Shabtai alikaa chini sakafuni siku saba, vazi limechanwa kifuani. Majirani walimletea mikate na mayai ya kuchemsha. Ovadia alikuja kila siku, akikaa kwenye kigoda. Siku ya nne, mchana, wakiwa wawili tu, alikohoa akasema:

"Ndugu yangu, nimengoja niulize. Ile Sabato ulinifokea mbele ya watoto wa watu. Nilikukosea nini?"

"Hukumbuki?"

"Nikumbuke nini?"

"Ulikunywa kikombe cha Asmar ukakimaliza. Ukasema tunamwagilia mwamba."

Ovadia alitafuta kumbukumbuni kwa haki kabisa, kipaji cha uso kikikunjamana. "Mimi? Lini?"

"Miaka ishirini na mitatu iliyopita."

"Sikumbuki, Shabtai. Naapa sikumbuki. Huenda nilisema, mtu husema mengi mezani. Na wewe ulinijibu nini?"

"Nilicheka."

"Ulicheka?"

"Nilicheka, kaka."

Ovadia akanyanyuka kwa fimbo yake, na uso wake ukawa mwekundu. "Basi kama mwenye mke alicheka, mzigo huu mnanitwisha mimi kwa nini? Nimemfukia juzijuzi kwa mikono hii! Nimesoma zaburi mpaka koo limekauka!" Akatoka, na fimbo ikasikika ikigonga mawe ya uani mpaka barabarani.

Mfiwa hamsindikizi mgeni. Shabtai alibaki pale pale, mikono juu ya magoti.

Alasiri wanaume wa mtaa walianza kuja kwa sala, kwa kuwa katika siku saba watu husali nyumbani kwa mfiwa. Wanaume wakitimia kumi, na si pungufu, mfiwa husimama kumwombea maiti wake. Nehemia alisimama mlangoni akawapitia kwa kidole, kwa namna yao ya kutohesabu watu waziwazi: "Si mmoja, si wawili, si watatu..." Alipofika mwisho alisema, "Si tisa," akakishusha kidole.

"Msomaji yuko wapi?" mtu mmoja akauliza. "Kaka yako hayupo leo?"

Shabtai alifungua kinywa. Wote walimgeukia, wakangoja.

"Ameondoka," akasema. "Tumerushiana maneno."

Nehemia akatoka kutafuta mtu wa kumi. Wale wengine wakaketi, mmoja akachukua yai akaanza kulimenya. Jua lilikuwa limekwisha kushuka chini ya mapaa ya nyumba za ng'ambo, na wakati wa sala ya alasiri ulikuwa unakwisha.