Shimo la Nyaga

Udongo mwekundu uliochimbuliwa asubuhi na mapema una harufu yake, na hadi leo ikinifikia puani nageuza njia. Ndiyo harufu ya shimo alilochimba Cucu, nyanya yetu, nyuma ya jiko letu kule Karurumo, mwaka nilipokuwa na miaka tisa. Lilikuwa shimo la mdogo wangu Nyaga. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja na bado hajui kukaa. Ukimwegemeza, anaanguka ubavuni kama gunia lisilojaa. Cucu aliamini miguu ya mtoto hufundishwa na ardhi, kwa hivyo kila asubuhi alimsimamisha humo, akamzungushia matambara, udongo ukamshika hadi kiunoni. Kazi yangu ilikuwa kumwimbia asilie, huku nikiangalia njia. Mgeni akibisha, nilimtoa Nyaga upesi, nikafunika shimo kwa karai, na Mama akasema mtoto amelala. Tangu tulipopanda mahindi hadi tukayavuna, mtoto huyo alikuwa amelala. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini kwetu aibu iliwashinda wahenga. Nami niliogopa. Niliogopa wageni, nikamwogopa Mama, na zaidi niliiogopa ile miguu, iliyotoka shimoni laini vilevile ilivyoingia.

Siku moja Mama Wawira, mhudumu wa afya wa kijiji, hakupitia langoni. Alikatiza katikati ya shamba la kahawa akanikuta nimeketi ukingoni mwa shimo. Nilitandaza sketi yangu kumficha Nyaga. Nyaga, msaliti mdogo, akacheka kwa sauti.

"Huyu ako na miezi ngapi?" Mama Wawira aliuliza, akipiga magoti.

Mama alikuwa ameshafika mbio, mikono imejaa unga. "Tisa," akasema.

"Mwaka moja na nusu," nikasema mimi.

Mama alinikazia macho, lakini Mama Wawira akasisitiza mtoto apelekwe kwa daktari. Tulikwenda hospitali mjini Embu, na daktari wa mazoezi hakulicheka shimo. Alisema miguu haiwezi kutangulia shingo na mgongo. Akamfundisha Mama kumlaza Nyaga kifudifudi mapajani ili ainue kichwa, na kumkalisha ndani ya karai lililojazwa nguo. Tulitumia karai lilelile. Tulipokuwa tukiaga, alisema kwa upole, "Mngekuja mapema kidogo."

Siku hizi Nyaga anatengeneza simu mjini Runyenjes. Anatembea, ila mguu wa kushoto anauburuta, na hupenda kunitania kwamba nilimpanda kama mgomba. Mimi nina mtoto wa miezi mitano. Kila asubuhi namvuta mikono taratibu nione kama shingo inafuata, na inafuata, lakini nimeshampeleka kliniki mara mbili bila kuitwa. Mume wangu amechoka nami. Samaki mkunje angali mbichi, namjibu. Sababu yenyewe sijamwambia. Nyaga akitangulia njiani, nausikia ule mguu ukikwaruza kokoto, nami nahesabu ile miezi ya shimo: kupanda, kupalilia, kuvuna. Umri wake niliujua siku zote hizo.